Matembezi yale ya Styal

Mwanangu Zuhura,

Nimefika salama. Mama yako ameupokea mzigo, na chokoleti alishaanza kuwagawia watoto wa jirani kabla sijavua viatu. Masika ndiyo yanaishia, njia ya kwenda shamba bado tope tupu.

Ile jioni uliporudi kazini ukanikuta jikoni nimekaa gizani, uliniuliza, "Baba, umechoka?" Nikakujibu ndiyo. Sikuwa nimechoka, mama. Watoto walikuwepo, mumeo alikuwepo, na neno lenyewe si la kusemwa huku watu wanapakua wali. Nimeona heri niliandike.

Asubuhi uliponishusha Styal, kile kijiji cha huko Uingereza karibu na Manchester, ulinionyesha ramani kwenye bango, ukasema njia inazunguka, nitarudi palepale nilipoanzia. Nikacheka kimoyomoyo. Sisi tumezoea kutembea kwenda mahali: shambani, sokoni, msibani. Kuzunguka msitu mzima ili urudi ulipokuwa, hilo lilikuwa geni kwangu. Wenyeji walikuwa wakinipita na mbwa wao, kila mmoja ananiamkia vizuri. Mbwa mmoja akanilamba mkono, nikabaki nao umeninyookea kama si wangu, naangalia mto uko wapi nikanawe mara saba.

Nilianzia kijijini. Ukiziona zile nyumba za matofali mekundu, zimeshikana mstari mmoja, kila moja na kijibustani na choo chake nje, utasema ni nzuri, na kweli ni nzuri. Mimi nilisimama nikasema: hii kambi. Tajiri kajenga nyumba, kajenga na kanisa, na wote waliokaa humo walimfanyia kazi yeye. Nimezaliwa kwenye kambi ya mkonge, siwezi kukosea.

Kutoka hapo njia inaingia msituni. Miti mirefu yenye magome laini ya kijivu, na chini yake maua ya buluu yametanda kama mtu kaanika kanga. Mto Bollin unapita bondeni, maji rangi ya chai ya rangi. Ngazi za kupanda, ngazi za kushuka, mpaka magoti yakaanza kulalamika. Juu ya miti ndege zinashuka uwanja wa Manchester, chini kabisa, unaona hadi matairi. Kila moja ikipita nilikuwa nasimama kuitazama, sijui kwa nini.

Halafu msitu ukafunguka, nikakiona kiwanda. Quarry Bank. Samuel Greg alikijenga 1784 kwa sababu ya ule mto: maji yazungushe gurudumu, gurudumu lizungushe mashine, mashine zisokote pamba. Pamba yenyewe ilikuwa ikija kwa meli, na nyingi ya zama zile ilichumwa na watumwa. Familia ya Greg nayo ilikuwa na shamba lake la miwa kisiwani Dominica, lililolimwa na watumwa. Haya wanaokitunza kiwanda sasa hawayafichi, ingawa kwa macho yangu bustani inatunzwa kwa bidii kuliko habari hiyo.

Ndani, mama mmoja akawasha mashine za kufumia. Mbili tatu tu, na sakafu ikatetemeka. Nikafumba macho nikaisikia korona, ile mashine ya kukwangulia mkonge iliyokuwa ikiunguruma utoto wangu mzima. Harufu tu ndiyo iliyokosekana, ule uvundo wa maji ya mkonge unaokaa kwenye nguo hata ukizifua mara tatu.

Sasa nafika kwenyewe. Juu ya kilima kuna nyumba nyeupe waliyolazwa watoto wa kazi. Walifika kuwa 90, wengi wakiwa wasichana, wakitolewa kwenye nyumba za maskini, wengine kutoka London mbali huko. Kitanda kimoja watoto wawili. Chakula na malazi ndiyo yalikuwa mshahara wao, ukiacha senti za kazi ya ziada. Walianza saa 12 asubuhi, wakaacha saa 1 usiku.

Mmoja aliitwa Thomas Priestley. Mashine ilimng'oa kidole cha shahada. Akawa anauguzwa, na kule kukaa bila kazi kukampa nafasi ya kumuwaza mama yake, ambaye alikuwa hajamwona tangu aletwe. Mwaka 1806, akiwa na miaka 13, akatoroka na mwenzake, Joseph Sefton, wakatembea kwa miguu mpaka London. Ni karibu kilomita 300, pungufu kidogo ya Tanga hadi Dar. Alipokamatwa akahojiwa mbele ya mahakimu, maneno yake yakaandikwa, ndiyo maana leo tunamjua.

Pale ndipo miguu iliponiisha nguvu, nikakaa kwenye ukuta.

Unalikumbuka jicho la babu yako, lile jeupe. Mlipokuwa wadogo tuliwaambia ni uzee. Si uzee. Ni ncha ya jani la mkonge, akiwa kijana, mwaka wake wa pili tangu aletwe kutoka Kasulu kwa treni na lori, manamba, kibarua wa mkataba, kama wenzake. Alilala kambini siku nyingi amefungwa kitambaa, na akaniambia mwenyewe kwamba katika giza lile alikuwa akiisikia sauti ya mama yake anapura maharage. Usiku mmoja akaondoka. Alifika stesheni ya Korogwe. Kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilikuwa na siku 22, na bila kutimiza 30 hakuna pesa, na bila pesa hakuna tiketi. Kasulu si mahali pa kwenda kwa miguu. Alikaa stesheni mpaka kukapambazuka, akarudi kukata mkonge.

Habari ya kifo cha mama yake ililetwa na manamba wapya, mwaka mzima umeshapita. Utauliza, jina la huyo mama ndilo lako, Zuhura? Hapana, babu hakutaka jina lake litumike. Alisema anayeitwa jina lile ataitwa kila siku, na yeye hatavumilia kulisikia. Kwa hiyo na mimi silijui. Aliondoka nalo.

Nilimaliza mzunguko wangu saa 9 mchana, nikarudi palepale kwenye bango kama ulivyosema. Nikakusubiri kwenye benchi. Ulinipigia simu kwamba zamu imeongezwa, nipande treni. Sikukasirika, usije ukadhani.

Wapeleke watoto siku moja, kabla maua hayajaisha. Waonyeshe ile nyumba nyeupe, na habari ya babu mkubwa wao uwape wewe, maana mimi kwenye simu nitashindwa.

Na mwambie mumeo buti zake nimeziosha kwa bomba la nje. Kamba ya kulia ilikatika kwenye ngazi, nikaifunga kwa uzi wa katani niliokuwa nimefungia begi langu. Asiutoe. Unashika kuliko ule wa dukani.

Baba yako