Mdogo wangu, lile sikio usilinyamazie

Mdogo wangu mpendwa,

Picha uliyonitumia nimeikuza mara nyingi. Sikio limeiva, limevimba, ila pale chini panapotogwa hereni pako vilevile. Hapo ndipo moyo uliponidunda. Maambukizi ya ngozi yangeweza kuenea hadi huko. Lakini sehemu ile haina gegedu, ile tishu ngumu inayopindika na kulipa sikio umbo, ni nyama laini tu. Ugonjwa unaoiruka na kushika kwingine kote, huenda unafuata gegedu.

Mimi nilipewa antibayotiki mara tatu. Kila mara sikio lilipoa nikaishukuru dawa, kumbe lilipoa lenyewe. Ndiyo tabia ya polikondraitisi inayojirudia: kinga ya mwili huvamia gegedu, hutulia, kisha hurudi. Goti nililipeleka kwa daktari mmoja, jicho kwa mwingine. Hakuna aliyeviona pamoja, na hilo bado linaniuma, kwa sababu sikuwaambia.

Wewe waambie. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoutaja ugonjwa huu, na hata vipimo vya uvimbe vinaweza kutoka safi. Daktari huunganisha dalili. Vigezo vya kuutambua vya daktari McAdam na wenzake, vya mwaka 1976, ni sita: masikio yote mawili, pua, macho, viungo, njia ya hewa, na usikivu au kizunguzungu. Vilitaka vitatu, pamoja na kipande cha gegedu kilichopimwa. Mwaka 1979 madaktari Damiani na Levine wakalegeza masharti: hata dalili moja ikithibitishwa na kipande hicho, au sehemu mbili za gegedu zikitulia kwa dawa za steroidi au dapsoni. Kwa hiyo omba upelekwe kwa bingwa wa baridi yabisi.

Ninachokiogopa zaidi ni koo. Njia ya hewa hubaki wazi kwa sababu ya pete za gegedu. Zikilegea, hujikunja unapotoa pumzi. Ndiyo maana picha ya CT ipigwe ukivuta na ukitoa hewa pia. Sauti ikikwama, kikoromeo kikiuma ukikigusa, au pumzi ikikoroma, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.

Na leo, kabla uvimbe haujashuka, piga picha masikio yote mawili, uandike tarehe. Siku ya miadi huenda likawa limepoa, na daktari hataona kitu. Niambie ni lini, nije nikae nawe.

Dada yako