Farasi hachezi muziki, muziki ndo unamfata farasi

Ndugu Mhariri, mwangaluka.

Mi msomaji wenu wa hapa Tabora, gazeti likifika mtaani kwetu limeshapita mikono minne lakini tunalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Sasa mwandishi wenu wa michezo kaandika kuhusu dresaji ya muziki, ule mchezo wa Olimpiki mpandaji anamwongoza farasi kwa hatua maalum huku muziki unapigwa, akasema ni farasi wanakata viuno tu, mnyama anasikia wimbo anacheza na aliyekaa juu kazi yake ni kupendeza. Nilicheka, maana kweli ukiiona mara ya kwanza inachekesha, mtu kavaa koti la mikia kama bwana harusi wa zamani halafu hata hatabasamu. Ila hapo kwenye "anasikia wimbo anacheza" sijakubali kabisa, mi napiga dramu kwenye bendi za harusi mwaka wa 11 huu, kwenye mambo ya mapigo siwezi kukaa kimya.

Farasi hachezi wimbo aisee. Wimbo ndo unatengenezwa umfate farasi. Wanaanza na mnyama kwanza, wanamrekodi anavyokwenda, wanahesabu kwato. Akitembea ni mapigo manne, zile mbio ndogo za kudunda ni mawili mawili, zile za kuruka ni matatu, yaani kama waltzi. Na kila farasi ana spidi yake, mmoja kwenye mbio ndogo anaenda mapigo 140 kwa dakika mwenzie anapita 150, ukimpa huyu muziki wa yule imeharibika. Ndo maana muziki wao unakuwa vipande vipande vilivyounganishwa studio, hapa taratibu hapa haraka, kufata ramani aliyojipangia mpandaji mwenyewe kwenye uwanja wa mita 60 kwa 20. Akishaingia humo ndani ana kama dakika tano na nusu mpaka sita, hana dijei wa kumsubiri, farasi akishtuka hatua mbili tu wimbo umeshamwacha na inabidi amrudishe kwenye mstari bila mtu kuona. Na haruhusiwi kumsemesha, hata ule mdomo wa kumwita kuku ukiufanya wanakukata maksi. Ni miguu, kiuno na kamba basi.

Mbona sisi tunalijua hili toka zamani? Nenda kwenye mbina, ngoma za Wasukuma, wakishindana Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, mpiga ngoma mkubwa haangalii ngoma yake, anaangalia miguu ya mchezaji. Ngoma inamfata mtu, mtu akibadilisha na yeye yupo. Na hao Bayeye, wacheza na nyoka, wanaingia na chatu kabisa uwanjani, hakuna anayesema chatu kasikia wimbo.

Sikutaka kubishana kwa mdomo nikafanya jaribio. Farasi huku kwetu huwaoni, hii nchi ya miombo na mbung'o farasi hadumu, lakini mjomba wangu hapa Kiloleni anauza maji kwa mkokoteni wa punda. Nikatembea nyuma ya punda asubuhi nimeshika simu, kuna programu unagonga kidole inakuhesabia mapigo, punda na madumu yake sita anaenda 98. Nikatafuta wimbo mmoja wa Tabora Jazz nikaushusha kwenye kompyuta mpaka 98, kesho yake nikafunga spika ndogo kwenye mkokoteni. Mhariri, watu walitoka nje! Wakina mama wanapiga vigelegele, watoto nyuma, kila mtu anasema punda wa fulani anacheza rumba. Nikabadilisha nikaweka singeli. Punda yuleyule, mwendo uleule, sikio moja limelala vilevile, na ghafla hakuna anayesema punda anacheza. Punda hakubadilika hata chembe, walibadilika wanaomtazama.

Sasa pale kwa wenzetu ugumu ni kwamba farasi nae anatakiwa afanye kazi ya kweli juu ya huo muziki. Kuna ya kudunda papo hapo bila kwenda mbele wanaita piafe, kuna kuzunguka mahali pamoja huku anaruka, kuna kubadilisha mguu unaotangulia kila hatua. Majaji wanatoa maksi kuanzia 0 mpaka 10, nusu ya jumla ni ufundi nusu ni usanii, humo ndo muziki unaingia. Kwenye Olimpiki hii ya muziki iliingia Atlanta mwaka 1996, na wanawake na wanaume wanashindana pamoja. Rekodi aliweka farasi anaitwa Valegro, kule London mwaka 2014, asilimia 94.30, akiwa na Charlotte Dujardin wa Uingereza, haohao ndo walichukua dhahabu London 2012 kwa muziki uliokuwa na mlio wa kengele za Big Ben, ile saa kubwa ya London.

Na kama mwandishi wenu alitaka kuwasema vibaya si angewasema hapa, huyohuyo Dujardin mwaka 2024 alijitoa kabla ya Olimpiki ya Paris kwa sababu ya video anamchapa farasi mjeledi miguuni, wakamfungia mwaka mzima. Hilo ni la kuandika ukurasa mzima. Kwamba ni mchezo wa matajiri nalo sibishi, bei ya farasi mmoja wa vile labda unanunua mtaa wetu na nyumba za wageni juu. Lakini kusema mpandaji hafanyi kitu ni kama wale wanaokuja harusini wanasema mpiga dramu anagonga gonga tu, halafu siku dramu haipo ukumbi mzima umekaa.

Naomba basi mwandishi arudie, safari hii azime sauti ya tivii aangalie mara moja kimya kimya, ndo afungulie sauti aangalie tena.

Mi na mjomba hatuongei vizuri wiki hii, nilimkimbiza punda kidogo nipate mapigo ya mbio ndogo, mapigo sikuyapata na madumu mawili yakamwagika, ananidai maji yake.

Mpiga dramu,
Kiloleni, Tabora