Dakika za jeti zisitumike kwa ndege za Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe abiria wa Tanga wanaounganisha ndege Dar es Salaam. Wengi siku hizi huingia mtandaoni, huandika majina ya miji miwili, hupewa kilomita na dakika, kisha hukata tiketi ya pili kwa kutegemea jibu hilo. Kilomita huwa sahihi. Dakika ndizo zinazowaponza.

Kilomita hata mwenyewe unaweza kuzipata kwa ramani na kalamu. Tanga na Dar ziko karibu kwenye longitudo moja, digrii 39 na ushei mashariki, kwa hiyo latitudo peke yake inatosha. Uwanja wa Tanga uko digrii 5.1 kusini, wa Julius Nyerere 6.9. Tofauti ni 1.8, na kila digrii ina kilomita 111. Zidisha: 200, sawa na maili 108 za baharini, kipimo wanachotumia marubani. Basi la kupitia Segera na Chalinze hukata kama 350.

Sasa dakika. Vikokotoo vingi hugawa kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 hivi kwa saa, na jibu linatoka robo saa. Jeti hiyo haiji Tanga! Tunachopanda sisi mara nyingi ni ndege ndogo ya pangaboi kama Cessna Caravan, yenye injini moja na abiria wasiozidi 13 hivi, inayokwenda nodi 160, yaani karibu kilomita 300 kwa saa. Hapo ni dakika 40 angani. Kusi likivuma na rubani akapata mbisho, yaani upepo wa mbele, wa nodi 20, mwendo unashuka hadi nodi 140 na safari inafika dakika 46. Upepo huohuo ukiwa wa nyuma, ni 36. Wakati wa masika ongeza mzunguko wa kukwepa mawingu, maana ndege hizi haziruki juu kama jeti. Ongeza pia muda wa ndege kutembea uwanjani na kusubiri zamu ya kutua Dar. Weka saa nzima kichwani.

Kuna na suala la vituo. Unguja iko karibu kabisa kwenye mstari wa Tanga na Dar, kwa hiyo kutua pale hakuongezi kilomita za maana, ila kushusha na kupakia kunaweza kula nusu saa. Ikipitia Pemba kwanza, safari inakuwa kama kilomita 280 na kutua mara mbili kabla ya Dar.

Ukifika Dar, usidhani umefika kwenye ndege yako. Ndege ndogo hutumia Jengo la Kwanza. Za kimataifa ziko Jengo la Tatu, na hapo katikati unatoka nje na mizigo yako kutafuta gari. Kwa safari ya nje acha saa tano kati ya ndege hizo mbili. Kama ratiba hairuhusu, nenda Dar siku moja kabla. Chumba cha kulala ni nafuu kuliko tiketi mpya.

Mashirika nayo yaandike wazi kwenye tiketi kama ndege inakwenda moja kwa moja au inapitia visiwani, na itatua wapi kwanza.

Mdau wa usafiri wa anga,
Chumbageni, Tanga