Mdogo wangu, uliza kwanza wanaingilia mlango gani

Mdogo wangu,

Unasema mtawala akishakuwa katili kiasi hicho, sheria ya kimataifa isisimame njiani: jeshi la kigeni liingie, limng'oe, watu wapumue. Uchungu wako naujua, wala silaumu. Ila angalia mlango watakaopitia, maana huo ndio unaoamua watafanya nini wakishaingia.

Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine. Imeachwa milango miwili: kujihami ukishashambuliwa (ibara ya 51), na idhini ya Baraza la Usalama, yaani kura 9 kati ya 15 bila turufu, yaani kura ya kuzuia, ya mwanachama wa kudumu. Wanasheria huongeza mwaliko wa serikali halali. Udikteta haumo. Hata tamko la wakuu wa nchi la 2005 kuhusu wajibu wa kulinda raia linataja mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, kufurusha watu kwa misingi ya kabila na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kuiba kura halikutaja.

Wengi hutaja Uganda, ambako jeshi la Tanzania lilimng'oa Idi Amin. Lakini Amin ndiye aliyeivamia Kagera, Oktoba 1978, na Nyerere alishikilia kuwa vita ni viwili: Watanzania wanajihami, Waganda wanampinga Amin.

Sasa tazama Libya. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la tarehe 17 Machi 2011, lilipita kwa kura 10; nchi 5 zilijizuia, Urusi na China zikiwemo. Liliruhusu hatua zote za lazima kulinda raia, likakataza jeshi la kigeni kuikalia nchi. Lisome taratibu: hakuna mahali linaposema Gaddafi, mtawala wa Libya, aondolewe. Mabomu yalianza siku mbili baadaye, na Oktoba 20 Gaddafi akauawa. Silaha zilibaki mikononi mwa wanamgambo, na kufikia 2014 nchi ilikuwa na serikali mbili zinazoshindana. Hasara nyingine ilitua mbali: tarehe 4 Oktoba 2011 Urusi na China zilipiga turufu azimio kuhusu Syria, na Urusi ikaitaja Libya waziwazi. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu si Wasyria waliovuka mipaka ya azimio la Libya.

Uvamizi wa Iraq wa 2003, ulioongozwa na Marekani, haukuwa na idhini kabisa. Mei 23 wavamizi wakavunja jeshi la nchi, mamia ya maelfu ya wanaume waliofunzwa silaha wakaachwa bila kazi.

Linganisha na Gambia. Rais Jammeh alishindwa na Barrow katika uchaguzi wa Desemba 2016, akakataa kutoka. Barrow akaapishwa katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar, Senegal, tarehe 19 Januari 2017, akaomba msaada, vikosi vya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, vikavuka mpaka, na tarehe 21 Jammeh akaondoka. Kulikuwa na mshindi anayejulikana, mwenye haki ya kualika, na serikali ya kukabidhiwa ofisi.

Kwa hiyo utakapoandika tena "waje", andika pia nani anawaita, kwa ibara ipi, na nani atakusanya bunduki siku mtawala atakapoondoka.