Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: Dawati la Wageni, Karatasi Zao na Fedha Zao

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na mambo ya misiba, arusi na ukumbi yamo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nimeomba nafasi yangu yote niitumie kwa dawati la wageni, linalowasaidia waliohamia hapa karibuni, maana ndilo lililobeba kazi kubwa ya kamati mwaka 2025, na ndilo linaloomba fedha mpya mwaka huu.

Tulipolipitia daftari la dawati tulitegemea kukuta malalamiko ya mishahara midogo. Yapo. Yaliyojaa zaidi, hata hivyo, ni ya fedha ambazo tayari zilikuwa haki ya mtu, zikakwama kwa sababu karatasi moja ilijazwa vibaya au hatua ya tatu ilitangulia ya kwanza. Kwa hiyo naripoti kwa mpangilio ambao kamati ingependa kila anayempokea mgeni hapa Ottawa aufuate.

Jina kwanza

Mgeni akikabidhiwa hati ya ukaazi, aisome herufi kwa herufi. Majina yetu yanatuponza. Mtanzania anaandika lake, la baba na la babu. Mkongomani ana majina matatu yenye mpangilio mwingine. Fomu za Kanada zina visanduku viwili tu, jina la ukoo na majina mengine. Matokeo yake mtu mmoja anakuwa Hamisi Juma Mrisho kwenye namba ya SIN (namba ya bima ya jamii), Mrisho Hamisi benki, na Hamisi Mrisho kwenye kadi ya afya. Mamlaka ya kodi, yaani CRA, hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na SIN. Zikigongana, malipo hayatoki. Tumieni mpangilio ule ule ulioko kwenye hati ya ukaazi, hata kama haupendezi, kila ofisi bila kubadilisha. Marekebisho yaombwe kwenye hati yenyewe, na yakishakubaliwa ofisi zote ziarifiwe.

Hali kadhalika wale walioandikiwa kambini kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Usiandike tarehe yako ya kweli kwenye fomu ya benki kwa kudhani unasahihisha. Unazaa mtu wa pili.

SIN inatolewa bure Service Canada, na ukienda ofisini na hati kamili mara nyingi unatoka nayo siku hiyo hiyo. Ina tarakimu tisa. Ya mwenye kibali cha muda huanza na 9 na huisha muda pamoja na kibali. Mwajiri anaihitaji, CRA inaihitaji, benki inaihitaji kwa akaunti yenye riba. Mwenye nyumba haihitaji, hata kama ameiweka kwenye fomu yake.

Benki haiwezi kukunyima akaunti kwa sababu huna kazi au huna fedha ya kuanzia, ilimradi una vitambulisho vinavyokubalika. Zile ofa za wageni za kutolipa ada huwa na mwisho, aghalabu mwaka mmoja. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, kisha omba akaunti ya ada nafuu kabla makato hayajaanza. Kadi ya afya ya Ontario haina tena kipindi cha kusubiri. Nenda ServiceOntario na hati halisi tatu, ya ukaazi wako kisheria, ya makazi na ya utambulisho.

Posho ya watoto

Hapa ndipo familia zinapoumia, na hapa nitakaa.

Kwa mwaka wa malipo wa Julai 2025 hadi Juni 2026, familia ya kipato cha chini hupata hadi dola 666.41 kwa mwezi kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, na hadi dola 562.33 kwa mwenye miaka 6 hadi 17. Nyumba yenye mtoto mchanga na wawili walioko shuleni inazungumzia dola 1,791 kila mwezi. Fedha hizi haziji zenyewe. Inajazwa fomu RC66 pamoja na nyongeza yake RC66SCH, kisha zinatumwa CRA mara tu familia inapofika. Hakuna haja ya kungoja msimu wa kodi.

Fomu zinarudishwa kwa makosa yale yale. Kwanza, baba ndiye anayejaza. Kwa sheria, mama anayeishi na watoto ndiye anayechukuliwa kuwa mlezi mkuu. Baba akiomba, CRA itataka barua ya mama. Ajaze mama, baba atie sahihi penye nafasi ya mwenza. Pili, sehemu ya mapato ya kabla ya kufika Kanada inaachwa wazi. Kama hukuwa na kipato, andika 0. Pengo linasomeka kama jibu lililokosekana. Kama ulikuwa na kipato cha shilingi au faranga, kibadilishe kiwe dola za Kanada na utunze hesabu uliyotumia. Tatu, mtoto aliyezaliwa kambini hana cheti, basi familia inakaa kimya. Pasipoti ya mtoto au hati yake ya ukaazi inakubalika kama uthibitisho wa kuzaliwa. Nne, aliyemwacha mwenza Kigoma au Bujumbura anaandika kwamba hajaoa. Umeoa, umeoa: andika hivyo, na utoe mapato ya mwenza kwa fomu CTB9. Anayeandika uongo hapa hulipa mara mbili, kwanza deni la posho, halafu maswali siku anapoomba kumleta mwenza huyo huyo.

Aliyeomba hifadhi na bado hajakubaliwa hana haki ya posho hii. Mwenye kibali cha muda anahitaji kuwa amekaa miezi 18 mfululizo na kuwa na kibali halali mwezi wa 19.

Malipo yakichelewa, CRA hulipa malimbikizo. Sasa mtu atauliza, hasara iko wapi? Iko katika miezi ya kungoja. Ndiyo miezi ambayo watu huingia kwenye duka la mikopo ya mshahara. Tangu 1 Januari 2025 kiwango cha juu cha ada yake ni dola 14 kwa kila 100 unazokopa. Inasikika ndogo. Mkopo wa dola 500 unarudishwa dola 570 baada ya wiki mbili, na kwa hesabu ya mwaka hiyo ni riba ya asilimia 364. Anayeshindwa kurudisha hukopa duka la pili ili alipe la kwanza. Posho inapofika imeshaliwa.

Halafu Julai. Simu ya dawati haipumziki mwezi huo, kwa sababu posho hukokotolewa upya kutokana na ritani ya kodi ya mwaka uliopita, na wote wawili, mume na mke, lazima wawe wamewasilisha. Mama aliyeshinda nyumbani bila senti ya mshahara anawasilisha ritani ya sifuri. Asipofanya hivyo, posho inasimama.

Ritani na mshahara

Tarehe ya mwisho ni 30 Aprili. Mwajiri anapaswa kukupa T4, karatasi ya mshahara na makato yako ya mwaka, kufikia mwisho wa Februari. Ukiwa na waajiri watatu, ngoja T4 tatu. Kwenye ritani ya mwaka wa kwanza andika tarehe uliyoingia Kanada, na jaza pia fomu ya ON-BEN ukionyesha pango ulilolipa na jina la mwenye nyumba. Hiyo ndiyo inayoleta nafuu ya Ontario, na ndiyo sababu nasisitiza risiti za pango.

Wenye kazi mbili wanisikilize. Siku ya kwanza kazini unapewa fomu ya TD1, inayomwonyesha mwajiri akukate kodi kiasi gani. Ukiijaza sawasawa kwa waajiri wote wawili, kila mmoja anadhani ni yeye pekee, na kila mmoja anakuachia bila kodi zile dola 16,000 na ushee za mwanzo. Mshahara unanona mwaka mzima, kisha Aprili CRA inadai tofauti. Kwa mwajiri wa pili, weka alama kwenye kisanduku cha kuwa na mwajiri zaidi ya mmoja na uandike 0 kwenye jumla.

Kima cha chini cha Ontario ni dola 17.60 kwa saa tangu 1 Oktoba 2025. Wakala wa vibarua haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kumpatia kazi, na tangu 1 Julai 2024 anatakiwa kuwa na leseni.

Mwenye kiwanja au nyumba Afrika Mashariki aajiri mthamini huko sasa hivi, apate bei ya soko ya tarehe aliyohamia Kanada. Siku akiuza, faida itahesabiwa kuanzia bei hiyo, si ile aliyonunulia mwaka 2008. Bila karatasi ya mthamini, hesabu hiyo inakuwa mabishano. Pango linalolipwa Kinondoni au Kasarani nalo linatajwa kwenye ritani ya hapa.

Pango, na mto wa Ottawa

Ontario, mwenye nyumba anaweza kudai pango la mwezi wa kwanza na la mwezi wa mwisho. Basi. Amana ya uharibifu hairuhusiwi, wala kulazimishwa kulipa miezi sita mbele. Amana ya funguo isizidi gharama ya kuzitengeneza na irudishwe. Kikomo cha kupandisha pango mwaka 2026 ni asilimia 2.1, mara moja kwa miezi 12, kwa notisi ya maandishi ya siku 90. Lakini jengo ambalo mtu wa kwanza aliishi baada ya 15 Novemba 2018 halina kikomo hicho. Uliza umri wa jengo kabla ya kuuliza rangi ya jiko.

Wengi wetu tunaanzia chumba kwa ndugu au mtu wa nyumbani. Ukishiriki jiko au bafu na mwenye nyumba mwenyewe, sheria ya upangaji ya Ontario haikulindi. Udugu usizuie kuandika: kiasi gani, kinalipwa lini, umeme wa nani, na notisi ya kuondoka ni siku ngapi.

Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, notisi ya kuondoka ni siku 60, na inaishia siku ya mwisho ya kipindi cha pango. Ukiiandika 10 Machi, siku 60 zinaangukia 9 Mei, kwa hiyo unadaiwa hadi 31 Mei. Ungeiandika mwisho wa Februari ungemaliza Aprili.

Kuvuka mto kwenda Gatineau, upande wa Quebec, kwa ajili ya pango nafuu ni uamuzi wa mkoa mzima, si wa nyumba tu. Quebec hairuhusu amana yoyote zaidi ya mwezi wa kwanza, na hilo ni jema. Lakini kadi yako ya afya ya Ontario inakulinda kwa muda wa mpito tu, lazima uombe ya Quebec, ambayo inaweza kukusubirisha hadi miezi mitatu, na utawasilisha ritani mbili, ya CRA na ya Revenu Québec, mamlaka ya kodi ya Quebec. Mwajiri wa Ottawa anakata kodi kwa viwango vya Ontario, na mkoa unaokudai ni ule unaoishi tarehe 31 Desemba. Waliohamia Novemba bila kujua haya ndio waliokuja na deni.

Mikopo, hundi na upatu

Kadi ya kwanza ya mkopo, hata yenye kikomo cha dola 500 iliyowekewa dhamana, itumike kwa kitu kimoja, mathalani pasi ya basi, na ilipwe yote. Sheria inakupa angalau siku 21 tangu taarifa ya mwezi itolewe. Deni linaloonekana kwenye taarifa likae chini ya asilimia 30 ya kikomo. Usitoe fedha taslimu kwa kadi hiyo, kwani riba yake huanza siku ile ile.

Utapeli wa mwaka huu ni wa hundi. "Mwajiri" wa mtandaoni anatuma hundi ya dola 2,000, anakuomba ubaki na 300 na umrudishie 1,700. Benki inaonyesha fedha ipo, nawe unatuma kwa Interac, huduma ya kutuma fedha mtandaoni. Siku chache baadaye hundi inarudi, benki inakata 2,000 zote kwako. Fedha kuonekana kwenye salio si sawa na hundi kukubaliwa, na Interac iliyopokelewa hairudi.

Upatu, mchezo, likelemba, kila mtu na jina lake, uendelee. Kasoro yake ni moja: hauonekani kwenye historia ya mikopo, kwa hiyo usiwe kisingizio cha kukosa kadi. Waratibu watoe daftari lenye sahihi, na mgeni mwenye pango la kulipa apewe zamu ya mapema.

Tunachoomba mpige kura

Kamati inapendekeza mfuko wa kuwavusha wanaongoja posho. Mkopo hauna riba, unatolewa mara moja kwa kaya iliyokwisha kutuma RC66 na yenye nakala ya fomu na risiti ya posta, na unarudishwa malimbikizo yakiingia. Kiasi cha juu kwa kaya kiamuliwe na mkutano huu. Mweka hazina atawaambia mfuko unaweza kubeba nini.

La pili, tunataka watu wa kujitolea kwenye kliniki ya kodi ya bure ya Machi na Aprili. Lazima wasajiliwe na CRA na wapitie ukaguzi wa polisi, jambo linalochukua muda, hivyo karatasi ya kuandika majina iko kwa katibu leo. Wanaojua Kirundi na Kifaransa tunawahitaji zaidi.