Shukrani kwa ndugu aliyetuachia Jaguar

Ndugu yetu, uliomba tusikutaje, na hatukutaji. Ila kunyamaza tumeshindwa.

Sisi ni kikundi kidogo cha kuwapokea wakimbizi wa Kongo hapa Ohio. Tumezoea kupewa masufuria, magodoro na makoti ya baridi. Gari la Jaguar XK la milango miwili, viti vya ngozi? Hatukuliota. Wapo waliouliza kwa nini tumeliuza, tusibaki nalo. Familia ya watu saba utaipakia wapi? Hata mtoto akikaa kiti cha nyuma analalamika.

Kilichotugusa zaidi ni ulivyoliandaa gari lenyewe. Hati ya umiliki uliisaini mbele ya mthibitishaji wa hati (notary), na vibao vya namba ukavifungua mwenyewe kwa bisibisi. Kwenye droo ya dashibodi tulikuta ufunguo wa akiba na risiti zote za gereji, zimepangwa mwaka kwa mwaka. Mnunuzi alipoziona aliacha kubishana bei.

Fomu 1098-C, ile ya kodi ya Marekani inayothibitisha kwamba umechangia gari, itakufikia ndani ya siku 30 tangu gari liuzwe. Kwa kuwa limeuzwa kwa zaidi ya dola 500, punguzo lako la kodi linaishia kwenye bei tuliyouzia. Tulipokueleza hayo mapema ulicheka tu: "Nendeni mkawapangishie watu nyumba."

Tumefanya hivyo. Familia mbili zimelipiwa amana ya nyumba, na kilichobaki kimenunua matairi ya basi letu dogo, maana yale ya zamani yalikuwa vipara kabisa.

Asante sana, Mungu akuzidishie. Ukipita huku, akina mama wanasema bugali (ugali) na sombe (kisamvu) vipo.