Kabla hujapasuliwa mapaja

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na sina la kukukataza. Najua ulivyohangaika kupunguza uzito, na najua ngozi iliyobaki ikining'inia mapajani inavyokuchubua ukitembea. Hiyo haiondoki kwa mazoezi wala kwa mafuta ya kupaka. Ukiamua ikatwe, niko nawe.

Ila nina ombi moja, na naliomba kwa sababu kazi yangu ndiyo hii ya ultrasaundi: mwambie daktari upigwe picha ya mapaja kabla hajashika kisu.

Atapasua upande wa ndani wa paja, kuanzia kinenani, na pengine kushuka hadi karibu na goti. Ndipo inapopita vena ndefu, yaani mshipa wa kurudisha damu moyoni, iitwayo safena kubwa, katikati ya mafuta, si mbali na ngozi. Mirija ya limfu, ile inayoondoa maji ya ziada mwilini, hufuatana nayo, na tezi zake zimejikusanya kinenani. Mirija hiyo ikikatwa ovyo, maji hukosa njia na mguu huvimba. Kwa wengine uvimbe huo hauishi. Kwenye skrini, safena huonekana kama jicho: duara jeusi katikati, limefunikwa juu na chini kwa mistari myeupe ya utando. Nikishaliona jicho hilo naliteremkia polepole, na kila nilipopita tunatia alama ya kalamu juu ya ngozi. Tunachora mgonjwa akiwa amesimama, maana ngozi iliyolegea huhama mtu akilala. Mirija ya limfu yenyewe ni myembamba mno kwa mashine ya kawaida. Tukiijua vena ilipo, tunajua pa kuihofia mirija hiyo.

Hakuna mionzi, hakuna maumivu, ni jeli ya baridi tu.

Kama uliwahi kuganda damu mguuni, au mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, usilifiche. Tunaibonyeza vena kwa kichwa cha mashine: iliyo nzima hubonyea ikafunga kabisa, yenye bonge la damu hukataa. Wiki za baada ya upasuaji ndizo zenye hatari zaidi ya damu kuganda. Ukivimba au kuumwa na shavu la mguu, nenda siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata au kifua kikiuma, kimbilia hospitali, usisubiri hata kunipigia simu.

Jambo jingine ni maji kukusanyika chini ya mshono. Hutokea sana kwenye mapaja, na kwa kidole ni vigumu kujua kama ni maji, damu au uvimbe wa kawaida. Kwenye picha maji huwa meusi safi, na damu iliyoganda huwa na mawingumawingu. Yakiwa mengi, daktari huyavuta kwa sindano huku akiiona ncha yake kwenye skrini, badala ya kuchoma kwa kubahatisha.

Picha haimfanyi daktari kuwa fundi, Zuhura. Muulize amefanya upasuaji huu mara ngapi, na ngozi ataishikiza wapi. Tangu daktari wa upasuaji Ted Lockwood alipoandika mwaka 1988 kuhusu kuishikiza kwenye utando mgumu wa karibu na kinena, madaktari wengi hufanya hivyo ili kovu lisiteremke. Asiyetaka kukujibu, mwache.

Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari mapema, kwa kuwa vingi huongeza uwezekano wa damu kuganda. Ukishapangiwa tarehe niandikie, niombe ruhusa kazini nije kukuuguza.

Wako akupendaye,
Mwanaidi